Kiti Kilichoachwa Wazi: Nafasi ya Mchezaji katika Hadithi Tunayoitunga Pamoja

(Hotuba kwa wasimulizi na wachezaji kabla ya kufunguliwa kwa msimu mpya wa mchezo)

Ndugu wasimulizi wenzangu, ndugu wachezaji, na nyinyi wageni wetu mliokuja kusikiliza kabla hamjaamua kujiunga nasi, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa nizungumze juu ya nafasi ya mchezaji katika hadithi tunayoitunga pamoja, na nimelipokea ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa ndilo jambo lililonishughulisha zaidi tangu tulipofunga msimu uliopita.

Kwa ajili ya wageni niseme kwanza tunachokifanya. Mchezo wetu wa kuigiza huchezwa kupitia intaneti kwa maandishi matupu, kwa simu au kompyuta, bila picha wala sauti. Kila mchezaji humchukua mhusika mmoja, akamsemea na kumtendea, katika mji wa bandari ambao haumo katika ramani yoyote lakini sisi tunaujua uchochoro kwa uchochoro. Msimulizi huueleza ulimwengu, huwasemea watu wote wasio na mchezaji, na hurusha dadu pale ambapo jambo halina hakika. Michezo ya jinsi hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliomo humu ndani: mmoja wa ile ya mwanzo kabisa ulianza kuandikwa na Roy Trubshaw mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, kisha ukaendelezwa na mwenzake Richard Bartle, nao pia ulikuwa wa maneno tu.

Naomba nianze na kosa langu. Misimu miwili iliyopita nilikabidhiwa kisa cha mafuriko, nikakiandika kwa mwezi mzima. Niliamua nani atashukiwa kuwa amelibomoa tuta, ushahidi utaonekana wapi, nani atakiri, na hukumu itasomwa usiku gani. Niliandika hata maneno ya hukumu yenyewe, na niliyapenda sana. Usiku wa pili wa kisa, mchezaji mmoja ambaye mhusika wake ni fundi wa majahazi alitaka kuzamisha majahazi matatu makuukuu kwenye mlango wa mto ili kuyakinga maji. Lilikuwa wazo zuri, tena lilimfaa mhusika wake barabara. Lakini maji yakikingwa, mtaa wa chini hauzami, mashahidi wangu hawakutani juu ya paa la ghala, na hukumu yangu haisomwi. Kwa hiyo nikamwambia kwamba mkondo umeyachukua majahazi. Alijaribu tena kwa kamba na magogo, nikasema kamba zimekatika. Hakubishana. Aliniandikia faragha, kwa adabu, akiniuliza kama kuna lolote ambalo fundi wa majahazi anaweza kulifanya katika mafuriko haya, na sikuwa na jibu la kumpa. Kisa kilimalizika kama nilivyokiandika, watu wakakisifu, na yeye hakuonekana tena.

Nimelirudia jambo hilo moyoni mara nyingi. Ndugu yule alipewa hadithi iliyosukwa vizuri, yenye mwanzo na kilele, ila hakupewa mahali popote pa kuishika. Alikuja kucheza, nami nikamketisha kwenye mkeka wa wasikilizaji.

Walionitangulia waliwahi kukosea hivyo hivyo, na wakawa waungwana kiasi cha kulieleza kosa lao hadharani ili sisi tujifunze. Mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ya Marekani ilianza kuujaribu mji wa mchezo ulioitwa Habitat, uliochezwa kwa kompyuta za Commodore 64 zilizounganishwa kwa laini za simu. Waliouongoza, Chip Morningstar na Randy Farmer, walisimamia msako mkubwa wa hazina katika kisiwa, kazi iliyogharimu saa nyingi za kusuka mafumbo na kuficha vitu, wakitarajia kwamba ingewashughulisha wachezaji kwa siku kadhaa. Mchezaji mmoja aliifumbua alama iliyokuwa ufunguo wa msako mzima ndani ya dakika 15 za mwanzo, na kwa muda wa saa 8 hivi shughuli yote ikawa imekwisha, wakati wengi wa wakazi wa mji huo hawajaelewa hata msako wenyewe ulihusu nini. Mtu mmoja alifurahi, na mji uliobaki ukasikia habari.

Nawaomba mlitazame pia jambo la pili lililotokea katika mji huo huo, kwa sababu ndilo linalonipa matumaini. Kulikuwa na wizi na mauaji ya wahusika, na wakazi wakaanza kubishana wenyewe kama kumuua mhusika wa mwenzako ni jinai au ni sehemu ya mchezo. Mmoja wao, ambaye katika maisha ya kawaida alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi la Kigiriki, alianzisha kanisa ndani ya mchezo na kuwakataza waumini wake kubeba silaha, kuiba na kushiriki katika ugomvi. Wengine walidai mji uwe na mlinzi wa amani, wakapiga kura wakamchagua. Hakuna msimamizi aliyeyaandika hayo. Waongozaji walipoyaona waliacha kupanga kila kitu kutoka juu, wakawa wanawatazama wakazi, wanauliza wanataka kuelekea wapi, kisha wanawatengenezea njia. Msako wa hazina ulikwisha kwa saa 8. Swali la jinai lilidumu, kwa sababu halikuwa na jibu lililofichwa chini ya jiwe likisubiri mjanja mmoja alifunue.

Hapo ndipo ninapoomba tuelewane juu ya neno nafasi. Wasimulizi wengi, nami nikiwemo kwa miaka kadhaa, tumedhani kwamba kumpa mchezaji nafasi ni kumwandalia usiku wake mmoja: leo mhusika wa fulani ataokoa mtoto kwenye moto, kesho wa fulani atapewa upanga wa babu yake. Hiyo ni hisani, na mwenye kupewa hisani hukaa akingoja zamu yake. Nafasi ninayoizungumzia ni jambo ambalo halijaamuliwa na mtu yeyote, hata msimulizi, ambalo uamuzi wake utawagusa watu wengine, na ambalo mji utalikumbuka baadaye. Sharti mojawapo likikosekana, mchezaji hulitambua upesi, hata kama hawezi kulitaja.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo hili sikuupata kwenye kompyuta. Niliupata katika historia ya ngoma zetu. Mnajua kwamba ngoma ya beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, kisha ikaenea Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana mji kwa mji. Wazee wetu na bibi zetu walivaa sare, walipiga gwaride nyuma ya matarumbeta na ngoma, na walipeana vyeo: kulikuwa na mfalme, kulikuwa na maofisa, kulikuwa na madaktari, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyeamrishwa mchana kutwa kazini kwa mkoloni, jioni alikuwa ofisa anayepigiwa saluti. Watafiti wameandika mengi kuhusu siasa za ngoma hiyo, na mimi si mwanahistoria, lakini kama msimulizi naona jambo moja ambalo naona fahari kulitaja: hao walikuwa wachezaji wa mchezo wa kuigiza, kwa maana kamili ya neno, miongo mingi kabla ya kompyuta kuingia nchini.

Tena walijua siri ya vyeo. Cheo katika chama cha beni hakikuwa taji la kuvaliwa tu, kwa maana vyama hivyo viliwapokea wanachama wageni waliotoka miji mingine, vikawasaidia wagonjwa na kuwazika waliofariki, na mwenye cheo alikuwa na sehemu yake katika shughuli hizo. Mchezo ulimfanya mtu ahitajike. Ukimpa mchezaji jina kubwa lisilo na kazi, atalivaa wiki mbili na kulichoka. Ukimpa kazi ambayo bila yeye mji unakwama, hata kama ni kazi ya kuwasha taa za gati, atakuwa na sababu ya kurudi kesho, na wengine watakuwa na sababu ya kumtafuta.

Wabunifu wa mchezo wa Star Wars Galaxies, uliofunguliwa mwaka 2003 chini ya ubunifu wa Raph Koster, walilifahamu hilo vizuri. Ndani yake mtu aliweza kuwa mchezaji wa dansi au mpiga muziki na asishike silaha kamwe. Wapiganaji walirudi kutoka nyikani wakiwa na uchovu wa vita ambao dawa za kawaida hazikuuondoa; ilibidi waingie ukumbini, wakae, wamtazame anayecheza au wamsikilize anayepiga. Basi kumbi zikajaa watu waliolazimika kukaa pamoja, na watu waliokaa pamoja huzungumza, wakasimuliana, wakaajiriana, wakagombana na kupatana. Wachezaji walijenga miji yao wenyewe na kuwachagua mameya wake. Mnamo Novemba 2005 wenye mchezo waliubadilisha kwa kishindo, wakazipunguza taaluma kutoka zaidi ya 30 hadi 9 ili uwe mwepesi na wenye mapambano zaidi, na wachezaji wengi walioupenda kwa maisha yake ya kila siku wakaondoka kwa uchungu. Mchezo ulifungwa Desemba 2011. Huwa nawakumbuka wapiga muziki wale kila ninaposikia mmoja wetu akisema kwamba mji wetu una wahusika wengi mno wasiopigana, na kwamba muuza kahawa, mkunga na mwandishi wa barua hawana la kufanya katika hadithi. Wana la kufanya. Ni sisi wasimulizi ambao hatujaandika visa vinavyopita mlangoni kwao.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu. Wenzangu wananiambia kwamba tukiacha kila kitu wazi hatutakuwa na hadithi. Tutakuwa na soko, kila mtu akipiga kelele za bidhaa yake. Ni kweli kwamba uwazi peke yake hauzai kitu. Lakini hebu tutazame utamaduni ambao sisi Waswahili tumelelewa ndani yake, yaani malumbano ya ushairi. Siku za uhasama wa Mombasa na Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi yaliyovuka bahari, na washairi wa Lamu wakamjibu. Anayejibu amefungwa na aliyetangulia: atafuata bahari, yaani muundo, ya shairi alilolikuta, atalichukua fumbo kama lilivyofumbwa, hawezi kujifanya hakulisikia. Ila maana atakayoitia ni yake, na aliyeanza hawezi kumwandikia jibu. Msimulizi wa mchezo wetu ni mwenye kutoa shairi la kwanza. Anapaswa kufumba vizuri, kwa ustadi wote alio nao, kisha anyamaze asikilize, na jibu likija alichukue kama lilivyo na kujenga juu yake, hata kama limeuvunja mpango alioupenda. Kazi hiyo haimpunguzii hadhi. Ni ngumu kuliko kuandika kisa peke yako chumbani, nami nasema hivyo nikiwa nimezifanya zote mbili.

Nimesema pia juu ya kumbukumbu, na hapa sitaki kupita haraka, kwa kuwa ndipo tulipo dhaifu kuliko pote. Katika mchezo wa EVE Online, uliotengenezwa Iceland na kufunguliwa mwaka 2003, karibu wachezaji wote huishi katika anga moja, na anga hiyo haisahau. Mwezi Januari 2014 yalitokea mapigano makubwa katika mfumo wa nyota unaoitwa B-R5RB, ambayo yalianza kwa sababu malipo ya kulimiliki eneo hilo hayakulipwa kwa wakati. Wahusika zaidi ya 7,500 walishiriki kwa muda wa karibu siku nzima, na meli 75 za aina kubwa kuliko zote ziliteketea. Wenye mchezo hawakupafagia mahali pale. Waliweka pale mabaki ya meli ya kudumu yawe kumbukumbu, na mgeni anayeanza leo anaweza kwenda kuyaona na kuuliza kulitokea nini. Kinachonigusa zaidi hata hivyo ni mtu aliyefanya kinyume cha vita. Mhusika aitwaye Katia Sae alizunguka mifumo yote ya nyota iliyofikika, 7,805 kwa jumla, kwa takriban miaka 10, bila kupoteza meli hata moja, na alipomaliza mwaka 2019 akajengewa sanamu ndani ya mchezo. Hakuna msimulizi aliyemwandikia safari hiyo. Alijitwika mwenyewe, na ulimwengu ukamwambia kwamba umeona.

Sisi je, tumeona nini? Msimu uliopita mkunga wetu alizalisha watoto 11 wa mji, kila mmoja kwa jina lake, na sijui kama kuna msimulizi mmoja aliyewahi kumtaja hata mtoto mmoja kati ya hao akicheza barazani. Ndugu mmoja alipanda miembe kwenye njia ya kaburini. Hakuna mhusika aliyewahi kupumzika chini ya kivuli chake katika maelezo yetu. Mambo haya ni madogo kuyaandika, ni mstari mmoja katika aya, na mchezaji akiukuta mstari huo atajua kwamba alichokifanya kimekuwa sehemu ya nchi.

Niseme kwa ufupi juu ya saa na bando, kwa sababu hapo ndipo nafasi za wengi zinapotea bila ya nia mbaya ya mtu. Tunakutana saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Ndugu zetu walioko Muscat wametutangulia kwa saa moja, na wengi wao hudamka mapema kwenda kazini. Walioko Toronto wakati huo wako katikati ya siku ya kazi. Walioko hapa nyumbani hukatikiwa na umeme, au bando huwaishia jambo likiwa limepamba moto, na wakirudi hukuta kila kitu kimekwishaamuliwa na wale watano ambao huwa na bahati ya kuwepo kila siku. Uzuri wa maandishi ni kwamba hula bando kidogo na hayahitaji watu wawepo kwa pamoja. Kwa hiyo tumekubaliana na wasimulizi wenzangu kwamba msimu huu jambo lolote litakalougusa mji mzima litabaki wazi kwa siku 3 kabla dadu halijarushwa, na kila mhusika aliye na haki ya kusema atasubiriwa. Hadithi itakwenda polepole zaidi, na najua baadhi yenu mnapenda kasi. Nawasihi mvumilie.

Jambo jingine linawahusu nyinyi mliotumikia muda mrefu, nami nawapenda kwa mliyotujengea. Vyeo vyote vya mji viko mikononi mwa watu wanane, na baadhi yao hawajaandika neno kwa miezi kadhaa. Mgeni akija anakuta kila kiti kina mwenyewe, hata kile kisichokaliwa. Kuanzia msimu huu, cheo kisichofanyiwa kazi kwa wiki 4 bila taarifa kitarudi kwa mji, na mwenyewe atapewa heshima ya mstaafu na mahali pake barazani. Mwenye ugonjwa, mtihani au msiba hataguswa na kanuni hii. Atujulishe tu, naye tutamtunzia kiti.

Basi niwaambie tunavyoanza. Viti 4 viko wazi tangu leo: kiti cha kadhi, cha mkuu wa forodha, cha mkunga msaidizi, na cha mtunza daftari la mji, ambaye ndiye atakayeandika yale yote tuliyokuwa tukiyasahau, kuanzia kwa watoto wale 11. Mgeni ana haki ya kuomba kiti chochote kati ya hivyo sawa na mwenyeji.

Na kisa cha kwanza ni hiki. Ijumaa saa tatu usiku jahazi litaingia bandarini bila nahodha, likiwa na shehena ya mchele, na kabla ya alfajiri watu watatu watakuwa wamedai kuwa ni mali yao. Sijaamua ni la nani. Sijaamua nahodha amepatwa na nini, na sina karatasi yoyote mezani yenye hukumu. Ninachokijua ni kwamba jahazi linavuja chini ya mkuku, na kwamba likizama kabla ya kesi kusikilizwa hakutakuwa na ushahidi wala mchele. Juzi nilimwandikia yule ndugu yetu mwenye mhusika wa fundi wa majahazi, nikamwomba radhi kwa yale mafuriko, nikamweleza hali ya jahazi hili. Amenijibu kwa swali moja tu: mbao zake ni za mti gani?